Ukiifungulia nusu ndo inakufa kabisa: kisa cha gazeti jeupe kwenye NoScript

Kisa chenyewe hiki hapa, na nakiandika kwa kirefu kwa sababu kinawapata wengi wanaotumia NoScript (kiendelezi cha brauza kinachozuia skripti, yani zile kodi za JavaScript ambazo saiti inaziendesha ndani ya brauza yako) na wengi wao wanaishia kukitukana kiendelezi na kukifuta bila kujua kilichotokea. Shemeji yangu ana steshenari Morogoro, intaneti ya dukani ni hotspoti ya simu, bando la kununua, na laptopu ni ya zamani yenye Firefox. Kuna mteja akamwambia weka NoScript bando halitakimbia, akaweka, na kweli likatulia. Tatizo likaja kwenye gazeti moja la habari (silitaji) ambalo hulipitia asubuhi kabla wateja wa fotokopi hawajaanza kujaa. Likawa vululuvululu, picha hamna, menyu imemwagika hadi chini, maandishi ya ajabuajabu. Hiyo angeivumilia. Kilichomchanganya ni kwamba alipobonyeza kuiruhusu domeini ya gazeti lenyewe, akitegemea sasa peji itatengemaa, ikawa nyeupe pe. Hata herufi moja hakuna.

"Shem, mbona nimeifungulia ndo imekufa kabisa?"

Swali zuri sana hilo, maana kwa akili ya kawaida ukizuia kila kitu peji ndo ingekuwa mbaya kuliko zote, ukiruhusu kidogo inakuwa afadhali, ukiruhusu yote inakuwa sawa. Haiko hivyo. Kwenye hili gazeti hali ya kati, ya kuruhusu nusu, ndo mbaya kuliko zote, na ukishaelewa kwa nini unaelewa karibu kila kituko unachokiona ukiwa na hivi viendelezi.

Tuanze na ile vurugu ya kwanza, skripti zote zimezuiwa. Cha kwanza unachokutana nacho ni menyu, Siasa, Uchumi, Michezo, Burudani, na chini ya kila moja vijimenyu vyake vyote vimefunguka, listi ndefu unaskroli weee ndo ufike kwenye habari. Hiyo listi siku zote ipo kwenye HTML (kodi ya msingi ya peji), haijaongezwa na mtu, ila kazi ya kuikunja walimpa JavaScript na JavaScript leo hayupo. Sawa, hilo jepesi. Picha nazo ni vile viboksi vya kijivu. Ukifungua kodi ya peji utaona kwenye tagi ya picha, pale kwenye src pamewekwa kipicha cha pikseli moja tu, na anwani ya picha yenyewe imekaa pembeni kwenye data-src, inasubiri skripti ije iihamishe mtu akiskroli. Huu ujanja ulikuwa na maana yake zamani, kabla brauza hazijajua zenyewe kuchelewesha picha, ila Chrome ilianza kufanya hivyo yenyewe 2019 kwa neno moja tu unaloliandika kwenye tagi, loading="lazy", Firefox ikafuata 2020, kwahiyo saiti nyingi zimebeba plagini ya kazi ambayo brauza inaifanya bure. Na hapa nimwambie ukweli shem kama atasoma, sehemu kubwa ya lile bando ulilookoa si skripti bana, ni picha ambazo hazikushuka.

Kitu kilichonisimamisha kilikuwa chini ya kichwa cha habari. Juu kabisa peji iko vizuri tu, rangi ya gazeti ipo, logo ipo, kichwa kimekaa na ukubwa wake sahihi. Alafu ghafla, kama kuna mstari umechorwa, kuanzia hapo kushuka chini kila kitu ni uchi, maandishi ya Times, linki za bluu zimepigiwa mstari, kila kitu kimebanwa kushoto. Na katikati ya hiyo vurugu kuna alama ya WhatsApp imejaa skrini nzima, ile simu ndani ya kile kiduara, kubwa, unaskroli unaipita inakuja ya Facebook nayo hivyohivyo.

Sasa jiulize, NoScript imezuia skripti, CSS imeenda wapi? CSS, yani zile kanuni za rangi, ukubwa na mpangilio wa peji, si skripti. Nikafungua zana za developa za brauza (F12), tabu ya Network inayoonyesha kila faili linaloshuka, nikaona faili la CSS limeshuka lote vizuri. Limeshuka, limelipiwa bando, ila limekaa tu halitumiki! Sababu ni hizi mbio za alama za spidi, saiti kushindania maksi za kufunguka haraka. Ili peji ifunguke haraka, developa (au plagini ya WordPress kwa niaba yake) anachukua CSS ya sehemu ya juu ya peji tu, ile inayoonekana kabla hujaskroli, anaibandika ndani ya HTML yenyewe. CSS iliyobaki anaiita kwa mlango wa preload, yani "shuka lakini usitumike kwanza", alafu kwenye hiyohiyo tagi anaweka kijisentensi cha onload kinachosema ukimaliza kushuka jigeuze uwe stylesheet. Hicho kijisentensi ni JavaScript. Kifupi, herufi chache, lakini ni JavaScript, na kiendelezi kinachozuia skripti kinazuia hata hizo zilizofichwa ndani ya tagi. Ndo maana juu pazuri chini uchi, mpaka wake ni pale CSS ya kubandikwa ilipoishia. Na zile alama kubwa ni SVG (picha za kuchorwa kwa kodi) ambazo kwenye HTML hazikupewa ukubwa wowote, ukubwa uliandikwa kwenye ile CSS ya chini, kwahiyo bila CSS zinatanuka zinajaza nafasi yote zinayoikuta.

Kwa kawaida wanaotumia huo mtindo wa preload wanaweka na tagi ya noscript pembeni yenye linki ya kawaida ya CSS, ili asiye na skripti asipate shida. Hawa hawakuweka. Ingekuwa mstari mmoja tu.

Haya, tuje kwenye ile nyeupe.

Shem alifungua ile S ya NoScript, akaona listi ya domeini, ya gazeti iko juu, chini yake kuna za matangazo, za takwimu, na nyingine ambazo hata majina yake hayaeleweki. Akaipa ya gazeti Trusted, nyingine akaziacha. Binafsi naona alifanya kitu cha busara kabisa, ndo hivyo hivyo hata maelekezo mengi yanavyosema, ruhusu mwenye nyumba kwanza. Lakini mwenye nyumba huyu alikuwa na tabia moja, maktaba yake ya jQuery (kodi za JavaScript zilizoandikwa tayari ambazo skripti nyingine zinazitegemea) haikai kwake, inatoka kwenye seva ya watu wengine, moja ya zile domeini zisizoeleweka. Kwahiyo sasa skripti za gazeti zinafanya kazi, jQuery hakuna.

Fuata hatua kwa hatua. Juu kabisa ya peji kuna skripti fupi sana, ipo hapohapo kwenye HTML, kazi yake kwenda kwenye tagi ya html kutoa klasi (lebo ambayo CSS inaisoma) ya no-js na kuweka klasi ya js. Hiyo imeruhusiwa, imefanya kazi. Kwenye CSS kuna sheria inasema ukiona js, basi body iwe opacity sifuri, yani isionekane. Kwa nini waifiche? Kwa urembo tu, wanataka peji ijitokeze taratibu ikiwa imeshapangika, mtu asione ile hali ya kuruka ruka wakati vitu vinashuka. Alafu mwishoni kabisa kuna faili la gazeti lenyewe linalosema vitu vikiwa tayari ongeza klasi nyingine ya kuonyesha body. Hilo faili nalo limeruhusiwa, limeshuka, limeanza kusomwa, mstari wake wa kwanza unaita jQuery, jQuery hayupo, konsoli (sehemu ya brauza inayoonyesha makosa ya skripti) ikatoa mstari mwekundu kwamba haimjui huyo mtu, na faili zima likafia hapo. Pazia limeshushwa na mtu aliyeruhusiwa kuingia, aliyetakiwa kulipandisha kazuiwa getini.

Sasa linganisha na ile hali ya kwanza. Kule skripti zote zilikuwa zimezuiwa, hata ile fupi ya juu, kwahiyo klasi ya js haikuwekwa kamwe na sheria ya kuficha haikumgusa mtu. Ndo jibu la shem. Hakuizidishia ubaya kwa kuifungulia, alimfungulia anayeficha akamwacha nje anayefichua.

Na kichekesho chenyewe, kwenye hiyo nyeupe peji imepangika vizuri kabisa, kuliko ile ya mwanzo! Kile kijisentensi cha onload sasa kimefanya kazi, CSS imetumika yote, alama za WhatsApp zimerudi udogo wake, menyu imejikunja. Ila huoni. Unaweza kuhakikisha bila kufungua chochote cha kitaalamu: angalia upande wa kulia, skrolba ipo na inaonyesha peji ndefu. Pitisha mausi juu ya huo weupe, kuna sehemu inageuka kimkono, hapo umepita juu ya linki usiyoiona, na ukibonyeza inakupeleka kweli. Piga Ctrl+A, Ctrl+C, nenda ubandike kwenye Notepad, habari nzima inatoka. Shem alipoona hiyo ya Notepad alicheka sana, akasema kumbe gazeti lipo linanificha mimi tu.

Kuna mtu atasema si ndo kazi ya tagi ya noscript, kumwonyesha mtu kitu skripti zikikosekana. Hapa ndo wengi wanapopotea. Ile tagi haiulizi kama skripti imefika, inauliza kama skripti zinaruhusiwa kwenye hii peji. Kwenye hali ya nusu jibu ni ndiyo zinaruhusiwa, gazeti limeshapewa ruhusa, kwahiyo kila kilichomo ndani ya noscript kinakaa kimya hata kama faili moja muhimu limezuiwa. Hata wangekuwa wameweka noscript kila kona isingesaidia kitu kwenye hali hii.

Na usidhani hii ni shida ya sisi wachache wenye viendelezi. Mwaka 2013 timu ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza, GDS, walipima kwenye ukurasa wa mbele wa GOV.UK kwa njia rahisi ila ya akili, wakaweka picha tatu zisizoonekana: moja inaitwa na kila brauza, moja inaitwa na JavaScript, moja iko ndani ya noscript. Wakakuta asilimia 1.1 ya watembeleaji hawakupata JavaScript, lakini walioita ile picha ya noscript walikuwa asilimia 0.2 tu. Waliobaki, 0.9, hawakuita ya JavaScript wala ya noscript, brauza zao zilikuwa zinasema skripti ruksa ila skripti haikufika au haikufanya kazi. Mtandao umekata katikati, kampuni imezuia kitu, faili limekwama njiani, vitu kama hivyo. Yani wengi wa wasiopata skripti ni watu wa hali ya nusu, hawajui hata kama wako hali ya nusu. Na mtu mwenye hotspoti inayokatika katika kila dakika, kama ya dukani pale, anaweza kuipata hiyo nyeupe hata bila NoScript, jQuery ikigoma tu kushuka.

Wengine waliliona hili mapema wakaweka saa. Peji za AMP, ule mradi wa Google wa 2015 wa kufanya peji za habari zifunguke haraka kwenye simu, nazo zinaanza kwa kujificha zikisubiri skripti kutoka cdn.ampproject.org, lakini kujificha kwenyewe ni animesheni ya CSS ya sekunde 8. Ukiizuia hiyo domeini ukairuhusu ya gazeti, unakodolea weupe sekunde nane kamili alafu habari inatokea yenyewe pap. Watu wenye viendelezi wamezilalamikia sana hizo sekunde nane na mimi pia zimenichosha, lakini angalau zina mwisho. Google Optimize, ile ya kujaribu matoleo mawili ya peji, nayo ilikuwa na kipande cha kuficha chenye sekunde 4, na hiyo huduma ilifungwa Septemba 2023. Gazeti la shem halina saa yoyote. Linasubiri milele.

Nikajaribu peji hiyohiyo kwa uBlock Origin, kiendelezi kingine cha kuzuia matangazo, ikiwa na mipangilio yake ya kawaida, NoScript nimeizima. Ikafunguka bila shida, matangazo hamna, na hata mashimo ya matangazo hayapo. Tofauti ni falsafa: NoScript inazuia wote mpaka useme nani aingie, uBlock inaruhusu wote isipokuwa walioandikwa kwenye listi zake, na jQuery haiwezi kuandikwa humo. Zaidi ya hapo, kwa baadhi ya skripti za takwimu inazozizuia haiachi pengo, inaweka skripti bandia tupu yenye jina lilelile, ili peji ikimuita huyo mtu wa takwimu aitike hata kama hafanyi kitu. Hiyo inaponya tatizo moja baya ambalo limewatesa wengi, ile unabonyeza linki haiendi kokote, kumbe linki imeandikwa isubiri kwanza takwimu ziripotiwe ndo ikupeleke. Ila shem alitaka NoScript kwa ajili ya bando, na kwa kweli kwenye bando inakaza zaidi. (Wa Chrome mjue uBlock Origin kamili Google wameanza kuizima tangu 2024, kule imebaki ile Lite, kwenye Firefox bado ipo kamili.)

Tulichofanya. Dawa ya haraka ya kuisoma peji iliyojificha ni F9, Reader View ya Firefox, inachomoa maandishi ya habari bila kujali mapambo ya saiti, na nyingi ya zile picha za data-src inazirudisha maana ule ujanja inaujua. Kama F9 haikubali, bonyeza Alt itokee menyu ya juu, View, Page Style, No Style, hapo CSS yote inaondoka na amri ya kuficha inaondoka nayo, unapata habari mbovumbovu ila inasomeka. Mwenye uBlock anaweza kwenda kwenye My filters akaandika domeini ya saiti ikifuatiwa na ##body:style(opacity: 1 !important), pazia linapandishwa kwa nguvu kila akifungua. Njia ya nne ni kuitafuta ile domeini ya jQuery na kuiruhusu, unaangalia konsoli inamlilia nani alafu kwenye Network unaona huyo aliyezuiwa anatoka wapi, ukimruhusu yeye peke yake matangazo yanabaki nje.

Shem akachagua kurudisha gazeti kwenye Default, kila kitu kimezuiwa, na F9. Sikumbishia, ndo inayompa habari kwa bando dogo kuliko zote. Isipokuwa nilimkataza kitu kimoja, saiti za kulipia na za kujaza fomu asiache hali ya nusu hata siku moja, ama aruhusu zote kwa muda ama afungulie kwenye brauza nyingine isiyo na kiendelezi, kwa sababu huko hauoni weupe, unaona peji nzima nzuri yenye kitufe ambacho ukibonyeza hakifanyi kitu, na wewe hujui kama malipo yameenda au la, unabonyeza tena na tena.

Upande wa gazeti marekebisho ni madogo hadi yanaudhi. Ile amri ya kuweka klasi ya js itolewe juu iwekwe ndani ya lilelile faili linaloonyesha, mstari ule wa kuita jQuery ukishapita, ili asiyeweza kufichua asiweze pia kuficha. Au wafute tu huo urembo wa kujitokeza taratibu, sijaona msomaji aliyefungua gazeti kwa ajili ya huo. Na jQuery waihamishie kwenye seva yao wenyewe, faida ya kuichukua kwa jirani ilikuwa kwamba brauza ikishaipakua kwenye saiti moja inaitumia kwenye nyingine, na hiyo faida haipo tena tangu brauza zianze kutenganisha kashe (hifadhi ya mafaili yaliyokwishapakuliwa) kwa kila saiti, Chrome toka 2020 na Firefox toka 2021.

Kama una saiti na unataka kujua iko hivi, huhitaji hata NoScript. Ifungue kwenye Firefox, F12, tabu ya Network, tafuta faili linalotoka domeini isiyo yako, bofya kulia, Block URL, refreshi. Zuia moja moja, usizuie yote kwa mpigo, ukizuia yote hutajua ni faili lipi linaloiua peji.